Taa ya Kamera Chini ya Maji: Nguvu Nyingi Si Nuru Nyingi

Mzamiaji anayeshuka ziwani karibu na Jinja hana haja ya kwenda mbali ili apotewe na nuru. Juu yake jua la Busoga linawaka. Mita chache chini maji yamekwisha kuwa ya kijani, kisha ya hudhurungi, kisha giza. Akiwa amechukua kamera, kazi yake ya kwanza ni kuiwezesha kamera hiyo ione. Kamera za siku hizi hujilenga zenyewe, na hufanya hivyo kwa kutafuta mahali weupe unapokutana na weusi: ukingo wa jiwe, jicho la samaki, uzi wa wavu. Pasipo nuru, ukingo huo haupo. Lenzi huenda mbele na kurudi nyuma kama mtu apapasaye tundu la ufunguo usiku, na samaki huwa amekwisha kwenda zake. Kwa sababu hiyo mpiga picha hufunga juu ya kamera taa ndogo ya pili, mbali na flashi. Flashi hupiga picha. Taa hii huilengea tu.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya watalii. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo MV Templar kilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wazamiaji wa polisi na wa jeshi ndio walioingia majini kuwatafuta. Mbale haina ziwa, lakini mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake usiku, nako pia ikabidi watu watafutwe ndani ya maji yaliyojaa udongo wa Mlima Elgon. Tobo katika ubao wa mtumbwi au nambari ya injini iliyolala topeni huweza kuwa ushahidi mahakamani. Picha yenye ukungu haimsaidii hakimu, wala haiwatulizi waliofiwa.

Kosa la wanunuzi wengi ni moja. Wanauliza ipi ina nguvu kuliko zote, nao hulipia lumeni elfu kadhaa wakiamini kwamba wameishinda ziwa. Katika maji maangavu ya bahari ya matumbawe huenda wasijute. Katika maji ya Jinja hujuta, na sababu yake inaweza kuonwa na mama, baba na watoto mezani, hata kwa jamaa waliopo Mbale, mbali na ziwa.

Chukua chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, uijaze maji, utie matone machache ya maziwa na kukoroga. Weka sarafu nyuma ya chupa, kisha uzime taa ya chumbani. Shika tochi karibu na jicho lako na umulike mbele moja kwa moja. Utaona ukuta mweupe, sarafu haipo. Ukichukua tochi yenye nguvu zaidi, ukuta utazidi kuwa mweupe. Sasa isogeze tochi ile dhaifu pembeni, imulike sarafu kwa upande, na utazame tena. Sarafu itatokea.

Matone ya maziwa ni mfano wa tope na wa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyoongezeka mno katika Ziwa Viktoria kwa mbolea na uchafu unaoingia kutoka nchi kavu. Kila chembe iliyo mbele ya lenzi humrudishia mpiga picha nuru yake mwenyewe. Basi kitu cha kwanza cha kununua ni mkono imara wa kuiweka taa kando ya kamera. Taa yenyewe, kwa picha za karibu, lumeni 500 hivi zinatosha, mradi iweze kupunguzwa. Mwali wake uwe mpana na laini. Mwali mwembamba hufaa kutafutia njia, lakini huacha doa jeupe katikati na giza pembeni. Dawa nyingine haina bei: kukaribia. Kila sentimita ya maji iliyoondolewa kati ya lenzi na kitu ni chembe zilizoondolewa.

Wenye maduka husifu sana taa yenye nuru nyekundu, wakisema samaki haioni na kwa hiyo hakimbii. Kwa samaki wengi wa baharini neno hilo lina kweli, kwa kuwa maji ya bahari hunyonya rangi nyekundu mapema. Ziwa Viktoria lina desturi yake. Humu rangi ya buluu ndiyo inayokufa kwanza, na nyekundu hushuka zaidi. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake, uliofanywa upande wa Tanzania na kutangazwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa furu wa vilindini, akiwamo yule mwenye mgongo mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, wana macho yaliyoelekea rangi nyekundu. Majike humchagua dume kwa wekundu wake. Kumtarajia samaki huyo asiione taa nyekundu ni kutarajia mengi. Afadhali fedha hizo ziongeze betri ya akiba.

Kwa betri, kinachoangaliwa ni muda ambao taa inadumu kwa nguvu utakayoitumia, wala si ule mrefu ulioandikwa kwa herufi kubwa, ambao mara nyingi ni wa nuru hafifu. Taa iliyoandikwa kuwa haiingiwi na mvua si ya kuzamia. Lazima kina kitajwe kwa mita, maana mita 10 tu chini ya maji mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu. Taa za namna hii nyingi hupozwa na maji, hivyo zisiachwe zikiwaka kwa nguvu nchi kavu mikononi mwa watoto.

Lakini taa nyingi hufa kwa ajili ya pete ya mpira iliyo shingoni mwake. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu ya pete hiyo hufungua njia ya maji. Ipanguswe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ipakwe mafuta yake kidogo sana, yale yaliyotajwa na mtengenezaji, kisha taa itiwe kwanza katika ndoo bila betri, na karatasi laini kavu ndani yake. Baada ya nusu saa ifunguliwe. Karatasi ikiwa na unyevu, hata wa ncha tu, safari ya Jinja ingoje pete mpya.