Mbele ya kushuka, angalia mufuko yako

Wandugu wa Panda, Shinkolobwe haiko mbali: mu Julai 2004 shimo iliangukia wachimbaji. Kule Chile, mu 2010, wachimbaji 33 walifungiwa chini siku 69, na wote walitoka wazima. Siku 17 za kwanza waliishi juu waligawana samaki ya kopo kidogo-kidogo.

Siye tunashuka na tochi moja, basi. Ongeza ya pili, maji, mukate, kitambaa safi cha kufunga kidonda, na firimbi: sauti inachoka mbio, firimbi hapana.

Lakini kitu cha kwanza hakiingie mu mufuko. Ambia mama wa watoto jina ya shimo na saa ya kurudia. Mwaka moja tulitafuta ndugu yetu siku mbili, tukichimba ku shimo isiyo yake. Kwake hakuna aliyejua alishukia wapi.