Ridhimu kwa Gitaa Kavu: Namna ya Kujifunza Wimbo Mkongwe wa Benga

Utangulizi

Katika ukanda wa Ziwa Viktoria, kuanzia Osiri na sehemu nyingine za Migori na Homa Bay hadi Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, benga ni urithi wa jamii ya Waluo. Miongoni mwa magwiji wake ni Daniel Owino Misiani (1940–2006), mzaliwa wa eneo la Shirati na kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz. Hata hivyo, kijana anayeanza kujifunza gitaa aghalabu huvutiwa na solo, na kuidharau ridhimu. Makala haya yanaeleza kwa nini ridhimu ndiyo mlango wa benga, na jinsi ya kuupitia kwa gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme.

Asili ya Mpigo

Benga ilistawi katika miaka ya 1960, baada ya wapigaji kuhamishia kwenye gitaa ufundi wa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Mpigaji wa nyatiti hudonoa nyuzi kwa vidole. Wakati huohuo, pete ya chuma aliyoivaa katika kidole gumba cha mguu hugonga ala, nazo njuga za mguuni hulia. Hivyo, mtu mmoja huwa mpiga nyuzi na mpiga ngoma. Ndiyo sababu ridhimu ya benga hudonolewa zaidi kuliko kukwanguliwa nyuzi zote sita kwa pamoja, kama ilivyozoeleka katika nyimbo za roki.

Hatua za Kujifunza

Kwanza ni mguu. Mwanafunzi asikilize wimbo mara kadhaa kabla ya kushika gitaa, huku akigonga mguu sakafuni hadi pigo litulie.

Pili ni mkono wa kushoto. Nyimbo nyingi za benga hujengwa juu ya kordi tatu, yaani mafungu ya sauti zinazolia pamoja. D, G na A zamfaa anayeanza. Ahame kutoka kordi moja hadi nyingine polepole, bila kukatiza pigo la mguu.

Tatu ni mkono wa kulia. Nyuzi zikihesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa, kidole gumba hupiga uzi wa nne kwa D, wa tano kwa A na wa sita kwa G. Kidole cha shahada hujibu katika nyuzi nyembamba. Mtindo huu wa vidole viwili ulitumiwa pia na Jean Bosco Mwenda wa Kongo na George Mukabi wa Kenya.

Nne ni uvumilivu. Waimbaji wanaponyamaza, solo hutawala na wimbo hupamba moto. Hapo vidole hutamani kukimbia. Lakini ridhimu ikiyumba, solo hukosa pa kuegemea.

Hitimisho

Gitaa kavu likipigwa peke yake halina besi wala ngoma za kuficha kosa, na kwa hiyo ni mwalimu mkali. Ufundi huu umepokezanwa zaidi kwa kusikiliza na kutazama kuliko kwa maandishi. Wote wakikimbilia solo, mkono wa kuupokea utakosekana. Wahenga walinena: mtaka cha mvunguni sharti ainame.