Makanga Mmoja, Wakubwa Watatu: Nani Anajibu Kuhusu Pesa?

Juzi nilipanda matatu Likoni kuelekea Ukunda. Nauli nikalipa kwa tili namba, mtandao ukasumbua, nikadhani haijaenda, nikalipa tena. Baadaye kidogo meseji zote mbili zikaingia. Makanga alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema: "Tili ni ya mwenye gari, mimi sina ruhusa ya kurudisha." Dereva akasema hayo ni mambo ya Sacco. Mtu wa Sacco pale steji akatuambia tumtafute mwenye gari, na simu ya mwenye gari haikuwa ikishikwa.

Hakuna aliyekuwa mwongo hapo. Ni vile tu hakuna aliyewahi kukaa chini akachora nani anaripoti kwa nani, na kwa jambo gani.

Hebu tuhesabu wakubwa wa makanga. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni. Dereva ndiye anayesema twende au tungoje. Sacco inapanga zamu na nidhamu ya steji, na huyu mkubwa wa tatu hawezi kuepukwa: kanuni za NTSA za mwaka 2014 zinataka kila gari la abiria liwe chini ya kampuni au chama chenye magari yasiyopungua 30, na wafanyakazi wawe na mikataba ya maandishi.

Mfaransa Henri Fayol aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Wazo zuri, lakini halikupanda matatu. Hata Marekani, kufikia miaka ya 1960, kampuni za kutengeneza ndege na roketi zilikuwa zikimweka injinia chini ya wakubwa wawili, mmoja wa taaluma yake na mwingine wa mradi. Kwa hivyo wakubwa wengi si kosa. Shida inaanza pale mipaka yao haijulikani.

Ule mchoro wa kawaida, bosi juu na wafanyakazi chini, hautamtosha makanga. Chukua karatasi, mweke katikati. Andika kazi, usiandike jina, maana kesho anaweza kuwa mtu mwingine amemshikia. Mzungushie wakubwa wake wote. Anayemwajiri, kumlipa na kuweza kumsimamisha kazi, mvutie mstari mzito, na uwe mmoja tu. Hao wengine wavutie mistari ya nukta.

Halafu, na hapa ndipo watu wengi huruka, andika jambo juu ya kila mstari: "hesabu na malipo", "mwendo na usalama", "zamu na steji". Mstari usio na maneno hausaidii kitu, utarudi kule kule kwa "si mimi, ni yule". Amri mbili zikigongana, andika pia ya nani inatangulia. Dereva akisema gari limejaa na mwenye gari kwenye simu anasema ongeza wawili, makanga amsikilize nani? Kwangu mimi ni dereva, bila mjadala.

Mstari wa pesa upe muda zaidi. Nani anaona malipo yakiingia? Nani anaweza kutoa? Nani anarudisha nauli iliyozidi, na mpaka shilingi ngapi bila kupiga simu? Mwenye gari anaweza kusema: makanga akishahakikisha malipo yote mawili yameingia kwenye tili, arudishe pesa taslimu mpaka shilingi 300, aandike kodi ya muamala kwenye karatasi ya hesabu. Jioni itaoana.

Na kama njia pekee ya makanga kuthibitisha malipo ni kushika simu na PIN ya mwenye gari, simamisha hapo hapo. PIN haipewi mtu, hata ndugu. Panga makanga apate meseji za malipo kwenye simu yake bila uwezo wa kutoa pesa.

Mwenye duka Kisauni, hii ni yako pia. Yule msichana wa kaunta anaagizwa na mama, na baba, na kaka anayekuja wikendi "kuangalia mauzo". Mchoro ni ule ule.

Nauli yangu ya pili ilirudi siku ya tatu, shilingi 100, baada ya simu saba. Kredo niliyotumia sijapiga hesabu.