Mlima wa Moto Katikati ya Mji

Katika mji wa Auckland, nchini New Zealand, umo mlima uitwao Maungawhau, wenye urefu wa mita 196. Ulitapika moto yapata miaka 28,000 iliyopita, kisha ukazimika. Tukifika kileleni twaliona shimo la kina cha mita 50 hivi, limeota majani, na ng'ambo yake mji na bandari. Ubavuni zingalipo ngazi za udongo na mashimo ya kuhifadhia viazi vitamu, kazi ya mikono ya Wamaori.

Jirani yake, Three Kings, haukubahatika. Vilima vyake vilichimbwa kupata kokoto za ujenzi, hata kikasalia kimoja tu.

Mwaka 2014 sheria iliirudisha milima 14 kwa makabila ya Wamaori, nayo yakaisimamia pamoja na Halmashauri ya mji. Mwaka 2016 barabara ya kileleni ilifungwa kwa magari, isipokuwa ya wasiojiweza kutembea.

Sisi wa visiwani tunalo la kujifunza. Ardhi ya kisiwa haina akiba, na kilima kilichokwisha kuchimbwa hakioti tena. Wakuu wanaotoa vibali vya kuchimba mawe na mchanga hawana budi kulipima hilo kabla ya kutia saini.