Je, Wajua? Tabora Hunywa Maji Yaliyokuwa Yaende Misri

Mwanza na Kisumu zimekaa kando ya Ziwa Victoria, Kigoma na Bujumbura kando ya Tanganyika. Tabora haina ziwa, lakini misafara ya kwenda kwenye maziwa yote mawili ilipumzika hapo. Julai 1858 mvumbuzi Mwingereza Speke aliondoka Tabora kuelekea kaskazini pamoja na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928.

Watu na mizigo walifika ziwani mapema. Maji ya ziwa ndiyo yaliyochelewa kuja. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea visima na mabwawa ya Igombe na Kazima, na kiangazi kikikaza, mama na watoto ndio walioteseka kutafuta ndoo moja. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi, uliojengwa kwa mkopo kutoka India, unaofikisha maji ya Ziwa Victoria Nzega, Igunga na Tabora. Maji hayo huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi.

La kustaajabisha ni hili: mvua ya Tabora hufuata mto Igombe hadi Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika, kisha Mto Kongo na Atlantiki. Maji ya bomba, yangeachwa ziwani, yangeshuka na Mto Nile hadi Mediterania. Mji mmoja, mabonde mawili makubwa ya Afrika!

Ukiona bomba linavuja, toa taarifa: maji hayo yamesafiri zaidi ya kilomita 200 kukufikia.