Kisukari cha Dawa na Kisukari cha Kemikali

Mfasiri akutanapo na taarifa ya maabara isemayo kwamba panya wamedungwa sindano ili wapate kisukari, aghalabu huandika "kisukari cha dawa". Istilahi hiyo inatatanisha. Katika Kiswahili "dawa" ni kitu kiponyacho, na pia kitu kiuacho wadudu. Lakini mgonjwa asomaye kwamba dawa huleta kisukari aweza kuacha vidonge vyake. Kabla ya kuteua istilahi, hatuna budi kulielewa jambo lenyewe.

Kemikali zitumiwazo sana ni mbili. Mwaka 1943 ilibainika mjini Glasgow kwamba alloksani huua seli za beta katika kongosho la sungura, yaani seli zitengenezazo insulini. Mwaka 1963 streptozotosini, itokanayo na bakteria, nayo ilibainika kusababisha kisukari katika wanyama. Maumbo ya kemikali hizi yanakaribiana na la glukosi. Kwa hiyo katika panya hupitia mlango uleule wa protini ambao glukosi huingilia ndani ya seli hizo.

Zikisha kuingia, kila moja hufuata njia yake. Alloksani hupokea elektroni ndani ya seli na kuzipa oksijeni, tena na tena, na kila mzunguko huzalisha haidrojeni peroksidi na chembe nyingine kali. Seli ya beta ina kinga hafifu dhidi ya chembe hizo, basi huangamia. Streptozotosini hubandika vikundi vya methili juu ya DNA. Seli, katika kuikarabati, humaliza akiba yake ya nguvu, ikafa.

Steroidi kama prednisoloni ni jambo jingine. Hiyo ni dawa hasa. Yaweza kupandisha sukari ya mgonjwa kwa kuufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo, na mara nyingi sukari hushuka matibabu yakiisha.

Kwa hiyo twapendekeza "kisukari cha kemikali" kwa kile kinachosababishwa makusudi katika wanyama wa maabara, na "kisukari cha dawa" kwa madhara ya matibabu. Tofauti hiyo ikizingatiwa, mwanafunzi atajua ni kipi anachosoma, na mgonjwa hatatupa dawa yake kwa sababu ya habari za panya.