Matufaha yakizidi nyumbani, yaoke

Kuanzia Septemba mifuko ya chakula cha msaada hapa Marekani hujaa matufaha, na nikitembelea familia nayakuta yananyauka kapuni. Usiyatupe. Yaliyonyauka bado yanafaa. Yenye ukungu ndiyo ya kutupa.

Kwanza oveni. Katika nyumba nyingi ninazoingia imegeuzwa kabati la sufuria. Toa kila kitu kabla ya kuiwasha, hasa vyombo vya plastiki. Namba zake ni za Farenhaiti: weka 350, yaani karibu 180 ya kwetu. Kama ni ya gesi, usiitumie kamwe kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Hewa ya sumu inayoweza kutoka haina harufu, na inaua.

Menya matufaha sita, yakate vipande vyembamba, yapange kwenye bakuli la oveni na unyunyize kijiko kidogo cha dalasini. Pembeni changanya kikombe cha oti zile za uji, nusu kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari na gramu 113 za siagi baridi, yaani kipande kimoja kati ya vinne vya boksi. Fikicha kwa vidole mpaka iwe chengachenga. Mwaga juu ya matufaha, oka dakika 40 hadi 45, mpaka juu pawe kahawia na maji yake yachemke pembeni.

Hakuna kukanda wala kungoja kuumuka, ndiyo maana naipenda kuliko keki. Mahitaji yote hununuliwa kwa kadi ya EBT. Bakuli lishike kwa kitambaa kinene kikavu, kilicholowa huunguza.